Mwaka Nilioitubia Hasira Isiyo Yangu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Danieli hapa Voi, na mimi nikapewa kiti cha mbele kabisa chini ya hema, katikati ya wajukuu zake. Walinishika mkono huku na huku kama mtu aliyebeba mayai. "Anti, wewe ni wa familia," wakaniambia. Wa familia, haya. Nikaketi, nikajifunika leso. Mwanawe Danieli, ambaye sasa ni mchungaji wa watu wengi na tumbo la uchungaji analo, akashika kipaza sauti, akaanza kwa maneno niliyoyajua tangu nikiwa msichana: kwamba mbele za Mungu hakuna aliye safi, kwamba sheria ilikuja ili kila mdomo ufungwe na dunia nzima ionekane ina hatia. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nangoja sentensi moja tu, fupi, aliyoniahidi kwa mdomo wake. Na kabla ya kuingoja kwake nilikuwa nimeingoja kwa mama yake, tangu huyu mchungaji akibebwa mgongoni. Ili mjue ni sentensi gani, lazima niwarudishe kwenye ule mwaka nilioishi kwao.

Sitawachosha na habari za kwetu Mwanda, kule milimani, baba alikuwa nani na shamba lilifika wapi. Itoshe kujua kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nina miaka kumi na minane, na nilikuwa nimeahidiwa nafasi katika shule ya wauguzi ya misheni. Sharti lao lilikuwa moja: niwe nimepata kipaimara, na kanisa linishuhudie kwamba mwenendo wangu ni mwema. Basi nikashushwa Voi kwa mwinjilisti mmoja tuliyemwita Mwalimu, nikae kwake, nisome darasa la kipaimara na kumsaidia mkewe. Nyumba ilikuwa ya kanisa, vyumba viwili vya mabati, jiko nje, na katikati ya chumba chao na changu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba hata ungesikia mtu akijikuna. Mchana bati liliwaka mpaka tukakaa nje kwenye kivuli cha jiko, na gari la moshi likipita vikombe vililia kabatini. Vumbi jekundu liliingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye nywele. Mimi niliyezoea ukungu wa milimani niliona nimetupwa tanurini, na wiki ya kwanza nililia kila nikiinama kuosha vyombo.

Aliyenituliza ni mkewe Mwalimu, Mama Danieli. Hakuwa amenizidi sana, labda miaka kumi na mitano, na alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutania. "Lia, lia," aliniambia, "angalau hapa Voi maji ya bure ni hayo." Alikuwa na mtoto mmoja tu, Danieli, aliyekuja baada ya miaka mingi ya kungoja na kusemwa, na mtoto huyo alikuwa jicho lake. Tulipika pamoja, tukala pamoja, tukaponda pamoja kimanga cha muhogo na maharagwe kwa mwiko mmoja, tukipokezana. Aliniita mwanangu, nami nikaamini. Leo nikipita mahali ilipokuwa ile nyumba, palipojengwa maduka, bado nasikia harufu ya ile sufuria ya kimanga, na bado naona uchungu kwamba mtu aliyenipenda vile ndiye aliyenifanyia yale. Adui angenifanyia ningemsahau. Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi naongeza: mtendewa na ampendaye hasahau hata akitaka.

Miezi michache baada ya kufika kwangu, habari ikashuka kutoka milimani kwamba baba yake Mama Danieli amefariki. Mzee hakuwa amebatizwa, na ndugu walikuwa wameazimia kumzika kwa desturi za zamani. Jioni ile nilikuwa nakunja nguo chumbani, nikawasikia upande wa pili wa mbao.

"Ni baba yangu," alisema.

"Najua."

"Sitaonja chochote. Nitasimama kando tu, nimwone akishuka."

"Mke wa mwinjilisti hasimami kando. Akiwapo, amekuwapo. Washirika watasema nini?"

Nikasikia sauti ya Mama Danieli, ndogo sana: "Haya. Nimekusikia." Hakwenda. Kesho yake alipika kama kawaida, akampakulia mumewe sahani kubwa, akamwambia karibu chakula. Lakini hakuketi naye mezani tena. Alikula jikoni na mimi, na siku hizo mwiko ulikuwa hautoki mkononi mwake, anaponda kimanga kilichokwisha lainika zamani. Utani ulimkauka. Mwalimu alidhani ni msiba tu, utapita.

Hapa niwaeleze jambo, kwa wasio wa kwetu. Sisi Wadawida, ambao wengi mnatuita Wataita, wazee wetu walishikilia kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu wa karibu inaweza kumshika mgonjwa, hasa mtoto. Na kuiondoa kulimpasa mwenye hasira mwenyewe. Huchukua pombe ya miwa au hata maji matupu, akayatia mdomoni, akayarusha kama manyunyu huku anasema: kama nina kinyongo, nakitoa, fulani apone. Huko ndiko kutasa. Bibi yangu alitasa mbele yangu mara nyingi, kwa jambo dogo tu, kama mtu anavyopiga chafya na kusema samahani. Lakini kanisa la mwaka ule liliiweka kutasa fungu moja na ibada za mapango ya mafuvu ya mababu. Aliyeonekana akitasa alitengwa: hali meza ya Bwana, anaketi benchi la nyuma, mpaka atubu mbele ya watu wote na wazee waridhike. Mwinjilisti ambaye hilo lilitokea nyumbani kwake kwa idhini ya mkewe, huyo angefunga virago.

Darasa letu lilikaa Jumamosi katika chumba kidogo ubavuni mwa kanisa, chenye dirisha moja na harufu ya popo. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye koti jeusi alilolivaa hata kwenye lile joto, na aliyaamini aliyoyafundisha mpaka mwisho wa maisha yake. Kila Jumamosi alitufundisha amri moja. Akishaisoma alifunga kitabu, akauliza, "Nani hapa hajaivunja hii? Ainue mkono." Tulijifunza upesi kwamba mkono hauinuliwi. Lakini tulipofika kwenye usiue nikajisemea, ala, hii jamani! Nikainua mkono. Wenzangu wakacheka.

"Wakesho, hujaua?"

"Sijaua, Mwalimu. Labda kuku."

Yeye hakucheka. "Umewahi kumkasirikia mtu, ukalala na hasira hiyo, ukaamka nayo?"

"Nimewahi, Mwalimu."

"Basi nawe umo," akasema taratibu. "Kwa watu, mwenye damu mkononi ndiye muuaji. Kwa Mungu, aliyefuga hasira moyoni ameua tayari. Ndiyo kazi ya sheria. Haikuja kutusafisha, ilikuja kutuonyesha. Ni taa, na taa haifagii nyumba."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilipogeuka nilimwona Mama Danieli amesimama mlangoni na birika la chai aliyotuletea, mtoto mgongoni, uso umemsawijika. Nilidhani ni joto. Nikaenda kumpokea birika, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Haukupita muda, Danieli akaugua. Ilianza homa ya kawaida, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Hospitalini walisema ni malaria, kisha wakasema si malaria, wakampiga sindano, wakaturudisha nyumbani na dawa. Mtoto alikataa uji, akakataa hata titi, akabaki macho makubwa na mbavu. Mwalimu alimwekea mikono, akafunga, kisha ikambidi aende Marungu kwa kazi ya kanisa, akaondoka huku analia. Siku hiyo jikoni Mama Danieli akaniambia, bila kuniangalia, "Ulisikia alivyosema. Mwenye hasira ameua tayari."

"Alikuwa anatufundisha sisi, Mama."

"Alikuwa ananifundisha mimi. Mimi ndiye ninayemuua huyu mtoto."

"Mama, ukitubu je?"

"Nimetubu mpaka magoti yamechubuka! Nimesema mbele za Mungu nimekosa, nimekosa, na nikiinuka bado iko hapa." Akajipiga kifua kwa kiganja, pa! "Bado iko hapa, Wakesho."

Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Mume alimfundisha kwamba hasira ni mauti. Mababu walimfundisha vilevile. Pande mbili zilizokuwa hazisalimiani zilikutana juu ya kichwa cha mwanamke mmoja na kusema neno lilelile. Sikumlaumu kwa alilofanya, na simlaumu hata leo.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilisikia mlango wa nje, nikamfuata nikidhani mtoto amezidiwa. Leso zake zote zilikuwa zimechafuliwa na matapishi ya mtoto, kwa hiyo alikuwa amevuta yangu kambani, ile ya manjano yenye maua meusi niliyonunuliwa nikitoka nyumbani, akajitanda. Alisimama nyuma ya jiko, mtoto mkono wa kushoto, kata ya maji mkono wa kulia, uso kuelekea milimani. Akasema kwa Kidawida: "Baba, walinizuia nisikuone ukishuka. Nimemkasirikia baba wa mtoto huyu, nimemkasirikia mpaka nimeugua. Hasira hiyo naitoa. Mtoto asishikwe kwa ajili yangu." Akatia maji mdomoni, akayarusha. Akarudia. Manyunyu yakampata Danieli usoni, mtoto akashtuka, akaangua kilio kikubwa ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue. Mama yake alipogeuka aliniona.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Basi umemwona mama. Funika kombe, mwanangu."

Nikalifunika. Siku chache baadaye homa ikaisha, mtoto akaomba uji. Ni nini kilichomponya, mimi sisemi; sindano nazo alikuwa amezimaliza. Mwalimu aliporudi alimkuta anacheza na mfuniko wa sufuria, akaanguka kifudifudi pale pale mlangoni, akamshukuru Mungu.

Kombe lililofunikwa lilifunuliwa na mtu mwema kabisa. Jirani yetu Mama Auma, mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa ziwani asiyejua mambo ya kwetu, alikuwa ametoka mapema kumwaga majivu, akaona kupitia ua. Kwa macho yake aliona maombi mazuri tu ya Kitaita. Kwenye mkutano wa akina mama akasimama kwa furaha, akatoa ushuhuda: "Bwana asifiwe! Nimeona kwa macho yangu, kwa Mwalimu, yule wa leso ya manjano ameupa ua mgongo, ananyunyizia mtoto maji kwa mdomo, anaomba kwa lugha yao, na mtoto amepona! Bwana asifiwe tena!" Akangoja waitikie. Wanawake wa Kitaita waliganda kama waliomwagiwa maji ya barafu. Mama Auma alikufa zamani, hajui alichonifanyia, na hata angejua nisingemwambia neno. Aliona alichoona, akakisema.

Wazee wa kanisa wakaja jioni, wakaketi sebuleni, wakanywa chai kwanza, kama ilivyo adabu. Halafu mmoja akauliza, leso ya manjano ni ya nani? Ilikuwa kambani, imefuliwa, inapepea mbele ya dirisha. Mwalimu akajibu kwa unyofu, "Ni ya Wakesho." Alisema kweli, ilikuwa yangu. Wote wakanigeukia. Mimi nikamgeukia Mama Danieli, aliyekuwa ameshika sinia la vikombe. Akatazama sinia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi siku ile niliiona kamba yangu kwa macho. Nikasema, "Si mimi." Mzee mmoja akasema, "Ni nani basi?" Nikamtazama Mama Danieli tena, nikingoja. Chai ikapoa mikononi mwa watu.

Wazee walipotoka ndipo aliponifuata jikoni, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye majivu na kunishika miguu. Hakuna aliyewahi kunipigia magoti, mimi mtoto wa watu. "Nikisimama mimi," alisema, "Mwalimu anaondolewa kazini, nyumba inachukuliwa, na hatanisamehe. Wewe ni msichana, utaketi nyuma miezi miwili, mitatu, watakurudisha. Pasaka ikifika nitasimama mwenyewe mbele ya watu wote, niseme ni mimi. Naapa kwa huyu Danieli."

"Lakini si mimi, Mama. Nitatubuje?"

Akainua uso, na hapa ndipo alipolitumia Neno la Mungu kama mtu anavyotumia kisu cha jirani. "Mwanangu, wewe ni safi? Hukujifunza? Hakuna aliye safi. Kama si dhambi hii ni nyingine. Ukisimama pale hutasema uongo mbele za Mungu, kwa sababu mbele zake sote tuna hatia."

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeyapata mafundisho hayo kila Jumamosi, nikashindwa kumjibu. Sasa ninalo jibu, limechelewa miaka yote hii. Naamini kwamba wote tumekosa, naamini kuliko wanaolihubiri, maana nimeuza chakula na nimewaona watu wakila. Lakini Mungu alipoingia bustanini hakuuliza habari za wanadamu wote. Alimwita mmoja: wewe, uko wapi? Hatia ya wote haikutolewa ili mtu ajifiche ndani yake kama mwizi kwenye kundi la watu sokoni. Anayejua idadi ya nywele zangu anajua pia ni nani aliyejitanda leso yangu.

Jumapili nikaitwa mbele. Sikutakiwa kusema kitu. Mwalimu alitangaza kwamba binti huyu ametasa, amekubali kutengwa na kutubu, nami nikapiga magoti, ndiyo ikawa toba yangu. Kisha akauliza nani ataniombea. Nilitegemea mzee yeyote. Akainuka Mama Danieli. Akaja, akaweka mikono yake miwili kichwani pangu, ileile iliyoponda kimanga na mimi, akaomba maombi marefu: "Bwana, mrehemu binti huyu aliyeingiza mambo ya giza nyumbani mwa mtumishi wako." Alilia, machozi yakanidondokea shingoni, ya moto. Kunyamaza tulikuwa tumekubaliana. Hayo ya kunitaja hatukukubaliana. Na kinachonikasirisha mpaka leo ni kwamba yale machozi yalikuwa ya kweli.

Nikaketi benchi la nyuma, pamoja na mzee mmoja mlevi na mwanamke aliyeolewa mke wa pili. Watu wazuri kuliko wote niliowahi kuketi nao kanisani, walinipa nafasi penye upepo. Nikaingoja Pasaka. Asubuhi ya Pasaka nilifua ile leso, nikaivaa, nikaketi nimenyooka nikimtazama Mama Danieli kule mbele. Nyimbo zikaisha, ushuhuda ukaitishwa, mmoja mmoja wakasimama. Yeye alikuwa anamfunga Danieli kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga, mpaka baraka zikatolewa na watu wakatoka. Nje nikamkabili. "Mama, na Pasaka?" Akasema, "Mwanangu, mambo yametulia, tusiyachokoze." Mwezi haukuisha, Mwalimu akahamishiwa Taveta, wakapakia vitanda kwenye lori na kuondoka. Shule ya wauguzi iliniandikia kwamba kanisa halikuweza kunishuhudia. Nikasema ukweli kwa mchungaji mpya, akanitazama kwa huruma: "Binti, hata sasa unamtupia mama wa watu?" Milimani habari zilikuwa zimenitangulia. Nikabaki Voi, nikafungua kibanda cha chakula.

Nimekula na kusomesha watoto kwa kibanda hicho, namshukuru Mungu. Lakini jina halikunitoka. Wateja ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, ukichelewa kuwapakulia wanakutania: "Mama Wakesho, usitutasie kwenye supu!" Meza nzima inacheka. Nami hucheka, nikawaongezea mchuzi, kwa sababu ni wateja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka huu Danieli, aliyehamishiwa kanisa la Voi, akanipigia simu. "Anti, Mama amepigwa na kiharusi. Hasemi. Lakini tukitaja jina lako analia." Nikapanda bodaboda mpaka kwake. Nyumba nzuri, makochi, zulia, picha za ibada ukutani. Mama Danieli alikuwa ameegemezwa mito, amekuwa mdogo kama msichana, upande mmoja wa uso umelala. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kumsikia aseme, na mdomo wenyewe ndio uliofungwa. Nikasema moyoni, lo, Mungu nawe!

Mwanawe alikuwa anamnywesha maji kwa kikombe. Mama aliponiona alikisukuma kikombe kuelekea kwangu kwa mkono wake mzima. Akageuza uso pembeni, akatutumua shavu, akapuliza. Yakatoka mate tu, yakamtiririka kidevuni. Danieli akachukua kitambaa ampanguse, anasema pole Mama, umepaliwa. Mimi nilijua hajapaliwa. Alikuwa ananiomba nitase, niitoe hasira yangu ili yeye aende salama. Nikachukua kikombe, nikatia maji mdomoni, naye akafumba macho akingoja. Nikayameza.

"Mimi sijawahi kutasa, Mama," nikamwambia. "Wewe ndiye. Mwambie mwanao."

Danieli akashangaa. Nikamweleza yote, leso, ua, majivu, Pasaka, nikiwa nimesimama. Alipomgeukia mama yake, yule mama aliinua mkono wake mzima, taratibu, ukitetemeka, akajipiga kifua kwa kiganja. Kidogo tu, lakini ni kujipiga kulekule kwa jikoni. Mchungaji aliona. Akaketi kwenye kochi, akashika kichwa. "Anti," akasema baadaye, "unataka nifanye nini?" Nikamwambia sitaki kitu chake. Nataka sentensi moja mbele ya watu: aliyetasa ni mama yangu, si Wakesho. Akasema, "Nitasema. Nakuahidi." Wiki iliyofuata mama yake akafariki.

Sasa mnajua nilichokuwa nangoja kwenye kile kiti cha mbele. Mahubiri yakapanda, yakashuka, nami namtazama mdomoni. Mwisho akapangusa jasho na kusema, "Mama yangu hakuwa malaika. Alikuwa na makosa yake, kama sisi sote. Kama kuna mtu aliyemkosea, familia inaomba msamaha." Akasema kama! Macho yake yakapita juu yangu kama nzi asiyetaka kutua. Amina, wakasema watu, na kwaya ikaanza. Nikahisi yale machozi ya moto shingoni upya, ingawa safari hii hapakuwa na mtu aliyenililia.

Kaburi lilikuwa hatua chache tu kutoka hema. Tuliitwa tutupe udongo, familia kwanza. Zamu yangu ilipofika sikuinama kuchukua udongo. Nilifungua ile chupa ya maji tuliyogawiwa, nikajaza mdomo, nikayarusha juu ya jeneza. Kisha nikasema kwa Kidawida, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja: "Nimekukasirikia, Mama Danieli. Kwa leso yangu, kwa shule yangu, kwa Pasaka yako ambayo haikufika. Na huyu mwanao nimemkasirikia. Hasira hii naitoa." Nikayarusha tena.

Kwaya ikakatika. Danieli akanijia, kipaza sauti bado mkononi, hakijazimwa. "Anti! Unafanya nini?"

"Natasa, Mchungaji," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote. "Ndiyo mara yangu ya kwanza. Nilimwona mama yako akifanya nyuma ya jiko, wewe ukiwa mkononi mwake, amejitanda leso yangu."

Hakuna aliyesema amina. Bibi mmoja wa milimani akashika mdomo. Danieli alinitazama, kisha akatazama kaburi la mama yake, akashusha kipaza sauti bila kukanusha. Mkimuuliza mtu wa kwetu kama hasira ilitoka, atawaambia hutoka yote. Yangu ilitoka nusu. Nikarudi hemani, nikakiinua kile kiti changu cha mbele, nikakibeba mwenyewe kupita katikati ya watu mpaka safu ya nyuma kabisa, nikaketi. Safari hii nilikuwa nimepastahili.